Kabla hamjaandika "Siri ya" kwenye posta

Wadogo zangu, juzi nimeziangalia filamu zenu sita za upelelezi. Nne majina yake yanaanza na "Siri ya". Moja posta yake herufi zinachuruzika damu, na ndani ya filamu hakuna aliyekatwa hata kidole. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana mimi niliharibu zaidi.

1. Jina la muda liacheni kwenye folda. Letu lilikuwa "Karafuu mwisho kweli kweli", na halikumdhuru mtu.

2. Msitaje idadi. Hapa ndipo nilipoungua. Filamu yetu ilikuwa ya dakika 22, tumepiga Wete, Pemba, msimu wa karafuu. Magunia matatu yanapotea ghalani usiku, kufuli halikuvunjwa. Kila dalili inamwangukia kijana mmoja mwenye baiskeli. Mwisho ndio unajua wezi walikuwa wawili, na wa pili ni mlinzi, yuleyule anayehangaika na mwenye mali kutafuta. Skripti tuliiandika upya mara saba ili tumfiche mlinzi. Tulimkataza hata kusimama karibu na baiskeli. Kisha mimi, kwa ujuvi wangu, nikaiita "Wezi wa Ghalani".

Wezi! Posta tuliikagua rangi, tukaikagua majina yetu, neno lenyewe hakuna aliyelitazama.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa skuli umejaa, dakika ya tano mzee mmoja wa kofia akasema kwa sauti: "Haya, mmoja ni huyu wa baiskeli. Mwenziwe nani?" Bibi aliyekaa nyuma yake akamjibu: "Si huyo mlinzi! Huoni anavyojitia kutafuta?" Ukumbi ukaangua kicheko. Dakika 17 zilizobaki watu walizungumza bei ya karafuu. Nami sikuweza kutoka, maana ndiye niliyeshika sauti.

Lugha yetu imetupa bahati ya bure: "Aliyefunga Ghala" haisemi kama ni mwanamme au mwanamke. Lakini mmoja au wengi, hilo inalisema mwanzo wa neno. Katazameni hapo kwanza. (Na mkiipeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wasimamieni wanaoandika maneno ya Kiingereza chini ya picha; "he" moja tu na nusu ya washukiwa wamekwenda zao.)

3. "Mama", "Bi", "Mjomba" kwenye jina: ni yaleyale.

4. Msinambie Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi, kaandika Siri ya Sifuri. Pale kinachokukera ni sifuri, siri imesindikiza tu. Afadhali mtazame riwaya yake ya Kisima cha Giningi, 1968. Mtu wa visiwani akisikia Giningi, akili yake keshafika kwa wachawi, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anatafuta mkono wa binadamu. Jina limekupoteza njia na halikusema uongo. Sasa "Siri ya Kifo cha Utata" inampeleka mtu wapi? Kifo kipi cha upelelezi hakina utata?

5. Mtajieni jina muuza kahawa barazani, hadithi msimpe. Akikisia mwisho, badilisheni. Akiuliza "kwani nani kafanya?", lipieni kahawa mwondoke kabla hamjamjibu.

Yule mzee wa kofia mpaka leo nikipita Wete huniita "Wezi". Niko peke yangu, naye hunipigia ukelele wa wingi.