Kuhama Upanga kwenda Chanika na watoto wadogo

Dada nimekuelewa, fleti ya Upanga, Dar es Salaam mjini, imewabana, baba watoto anataka mnunue kiwanja Chanika pembezoni mwa jiji, na wewe unaogopa umbali maana wote kazi zenu ziko Posta, katikati ya mji. Mi nimeishi kote kuwili, kwa watoto wa chekechea ningebaki mjini kwanza. Shida ya kule sio nyumba, ni ile saa kumi na moja alfajiri mtoto anapandishwa skulibasi bado anasinzia, jioni anarudi hoi hata daftari hafungui, na masika ikianza njia za mitaani zinakuwa tope bajaji hazipiti.

Kabla hamjaamua kaeni huko kwa ndugu hata wiki mbili, siku za kazi kabisa sio wikiendi. Ulizieni maji ni ya bomba au ya boza, na usiku mtoto akiumwa mnakimbilia wapi.

Kama shida ni pa kuchezea tu, tafuteni nyumba yenye uwanja Kimara karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi, mnashuka Kivukoni, karibu na Posta, moja kwa moja.

Na kiwanja jamani, msitoe hela kwa karatasi ya serikali ya mtaa peke yake, fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi mjue kiwanja ni cha nani, na mwanasheria asome mkataba kwanza.