Binti Yangu Amepangiwa Bweni

SWALI: Mhariri, binti yangu amechaguliwa kujiunga na Kidato cha Tano katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, Morogoro, kusomea Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hajawahi kuishi mbali nami. Je, atamudu?
Mama, Lindi

JIBU: Mama mpendwa, naamini atamudu, na huenda faida kubwa akaipata nje ya vipindi, kwa kuwa wakati wa kujisomea usiku wasichana hufundishana, na yule anayemweleza mwenzake mada ngumu ya Kemia huielewa zaidi yeye mwenyewe. Zamu za usafi humchosha mgeni wiki za mwanzo. Hilo ni la kawaida. Lakini ukisikia hali chakula au hana rafiki, wasiliana na matroni mara moja, usingoje likizo.