Kuhusu ule muungo ndani ya wimbo wa Beatles, Strawberry Fields Forever

Mkuu, umeuliza kama sauti ya mwimbaji John Lennon inabadilika kweli kwenye dakika ya kwanza au ni spika zako. Spika nzima kabisa. Zile ni rekodi mbili zilizoungwa.

Beatles, bendi ya Lennon, walianza kuurekodi wimbo huu London Novemba 1966, wakaurudia mara nyingi. Jaribio la 7 lilikuwa la taratibu, laini. La 26 lilikwenda mbio, limejaa tarumbeta na sello. Lennon akautaka mwanzo wa lile na mwisho wa hili, akamwachia mzigo mtayarishaji George Martin. Kasi tofauti, ufunguo wa muziki (kimo cha sauti) tofauti! Martin na fundi mitambo Geoff Emerick wakauharakisha kidogo utepe wa kwanza, wakaupunguza mwendo wa pili mpaka vikakaribiana, kisha mkasi ukafanya kazi. Sikiliza dakika ya kwanza inapoisha, kabla tu ya maneno "going to": kuanzia hapo sauti inakuwa nzito, kama ya mtu mwenye usingizi.

Ukitoka hapo, tafuta jaribio la 1 kwenye albamu yao Anthology 2 ya 1996. Linaanza na ubeti badala ya kiitikio, na mimi nalipenda kuliko lililotoka Februari 1967.