Msesewe hauna kwinini

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tulipozunguka Ziwa Duluti kwa miguu, kijana aliyetuongoza alituonyesha mti wenye utomvu mweupe, akasema ni msesewe. Programu ya simu ikasema ni mwembe. Nani yuko sahihi? Na ni kweli magome yake yanatibu malaria? Sokoni kuna mtu anayauza. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Kijana yuko sahihi. Simu imeona jani tu, na kwa umbo la jani msesewe (Rauvolfia caffra) na mwembe hufanana mno. Tazama tawi: majani ya msesewe hutoka matatu, manne au zaidi kwenye kifundo kimoja, yakikizunguka. Ya mwembe hutoka moja moja, na ukilifikicha linanukia embe bichi. Siku nyingine piga picha ya kifundo, ua, tunda na gome.

Sasa hilo la malaria, ambalo limenichosha. Msesewe hauna kwinini, ile dawa chungu ya malaria. Kwinini hutoka kwenye magome ya sinkona, mti wa milima ya Andes ulio wa ukoo mmoja na mbuni. Msesewe ni wa ukoo mwingine kabisa. Kinachofanana ni uchungu, basi. Ndulele nayo ni chungu, mbona hawaitii kwenye chupa wakaiuza?

Utaniambia Wachaga huutia kwenye mbege tangu zamani. Ni kweli, lakini ni kiasi kidogo kwenye pombe nyingi, kwa ajili ya ladha. Huyo wa sokoni anachemsha magome konzi kwa konzi, kisha anakukabidhi glasi. Kipimo kakitoa wapi? Miti ya jenasi hii, yaani msesewe na ndugu zake wa karibu, ina alkaloidi (kemikali za mimea) zenye nguvu: kwenye ndugu yake wa India ndiko ilikopatikana reserpini, mwaka 1952, dawa ya kushusha presha. Mwenye presha ya chini au mjamzito atakunywaje kitu hicho kwa kukisia?

Na Duluti ni msitu wa hifadhi. Mti uliomenywa gome kuzunguka shina lote hufa umesimama, na muuzaji huhamia mwingine.

Homa ikapimwe zahanati. Ikiwa ni malaria, dawa mseto ipo. Mtoto mdogo anaweza kufika kwenye degedege ndani ya siku moja au mbili, huku nyumbani bado wanachemsha magome.