Ndege walishambulia au zilishambulia?

SWALI: Naandika uhakiki wa filamu ya kutisha ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1963, ile ambayo ndege wanauvamia mji wa pwani huko California. Mhariri amebadilisha "ndege walishambulia" kuwa "ndege zilishambulia", eti neno hilo ni la ngeli ya I-ZI. Kwingine ameandika "kundi la ndege walivunja vioo". Yuko sahihi?

JIBU: Amekosea mara mbili.

Kwa umbo, ndege amekaa pamoja na nyumba na nguo, ila mwenye uhai hupatanishwa kwa A-WA, umbo la jina lake liwe lolote: kifaru amelala, nyuki wametua. Ukiandika "ndege zilishambulia", msomaji ataona mabomu yanadondoka. Hadithi fupi ya Daphne du Maurier ya 1952, iliyozaa filamu hiyo, ingemtesa kweli mhariri wako, maana kule Cornwall, Uingereza, zinarushwa ndege kuwakabili ndege. Andika hivi: "Ndege zilianguka kwa sababu ndege walijitupa kwenye rafadha." Kiambishi tu ndicho kinachotenganisha chuma na manyoya. Fuata hivyo hivyo kwenye maneno mengine: ndege huyu mkubwa, ndege hii kubwa, aliwaona, aliziona.

Kifo hakibadilishi ngeli. Kuna tukio mgahawani ambapo Bi Bundy, mtaalamu wa ndege, anasema anayefanya maisha yawe magumu duniani ni binadamu, si ndege. Wakati huohuo mhudumu anapaza sauti kuagiza kuku wa kukaanga. (Hitchcock hakuiweka oda hiyo pale kwa bahati.) Ukilisimulia, ni kuku *wa* kukaanga, hata kama mtaani utasikia "kuku ya". Na binadamu *wanaharibu* mazingira, si "inaharibu". Ila ukisema maumbile yamelipiza kisasi, bakia na *ya-*. Kuyapa hasira za mtu hakuyahamishii A-WA.

Kuhusu kundi, kitenzi kikuu hulifuata kundi: "kundi la ndege lilivunja vioo". Kinachowachanganya wengi ni kirejeshi, kwa kuwa "kundi la kunguru waliotua uwanjani mwa shule" ni sahihi; hapo *waliotua* inawaeleza kunguru wenyewe. Endeleza sentensi na kundi linarudi: "kundi la kunguru waliotua uwanjani mwa shule liliwafukuza watoto."

Ukitaka kutia hofu zaidi, kikuze kiumbe: dege lile lilimrukia. LI-YA hapo inaruhusiwa, tena inanoga, kama ilivyo kwenye "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Usilikuze kila ndege, maana filamu yenyewe inatisha kwa sababu hao ni shakwe na kunguru wa kila siku.

Hukuuliza, lakini kwenye uhakiki wako nimeona umeandika "shakwe alimng'ata Melanie kichwani". Kung'ata kunahitaji meno. Ndege hudonoa kwa mdomo na kuparura kwa kucha. Yule shakwe anayemjia Melanie, mhusika mkuu wa filamu, akiwa kwenye mashua anampiga kichwani na kupita, kwa hiyo "alimparura" au "alimpiga" panatosha. "Kudonoa" ihifadhi kwa Dan Fawcett, mkulima anayekutwa chumbani mwake macho hayapo.