Historia ya biashara ya familia: anza na makaratasi

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kuandika historia ya biashara ya viwanja na nyumba za kupangisha aliyoianzisha babu yenu Dar es Salaam. Mimi ningeanza na makaratasi, wazee baadaye. Mzee akiona hati ya zamani mezani, hukumbuka mambo ambayo maswali matupu hayawezi kuyatoa.

Tafuta hati, barua za toleo (barua za serikali za kumpa mtu kiwanja), stakabadhi za kodi ya ardhi, na daftari la wapangaji. Angalia namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi, yaani kuangaliwa kwa kumbukumbu za kiwanja, kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Utaona nani alimiliki lini na kama palikuwa na rehani.

Usishangae hati zikibadilisha jina la aina ya umiliki. Umilikaji huru, yaani kumiliki ardhi bila kikomo cha muda, ulifutwa mwaka 1963 ukawa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 ukageuzwa kuwa hakimiliki, yaani haki ya kukalia na kutumia ardhi.

Mwaka 1971 ndio wa kuutazama kwa makini. Sheria ya mwaka huo iliruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kama daftari lenu linakatika ghafla hapo, huenda sababu ni hiyo.

Halafu muulize bibi nani alikuwa akikusanya kodi ya wapangaji mlango kwa mlango. Mara nyingi alikuwa yeye, na jina lake halimo kwenye hati hata moja. Mwandike.