Mwanangu, umeungama mara tatu na bado hulali

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini moyo unaendelea kukusuta, na zile laki tano za kikundi cha kufa na kuzikana ulizochukua ukiwa mhazini umeshaziungama mara tatu. Unadhani Mungu hajakusamehe. Mimi naona fedha ya watu bado unayo.

Kwanza, uliungamaje? Kama ulimwambia padre "nimekuwa na tamaa ya fedha", hukumpa cha kushika. Kanisa linataka dhambi kubwa itajwe kwa aina na idadi: nimechukua fedha za kikundi mara mbili, jumla shilingi laki tano. Akisikia hivyo atakuuliza kama umerudisha. Akisikia "tamaa" atakupa Baba Yetu tatu na kukuaga kwa amani, na Baba Yetu tatu hazilipi deni la mtu. Maondoleo anayokupa padre yanafuta dhambi; hasara uliyowatia wenzako inabaki palepale mpaka uilipe. Tangu katekisimu umefundishwa kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama na kutimiza malipizi. Wengi huteleza kwenye kukusudia: mtu anayekalia mali ya wizi na uwezo wa kuirudisha anao, amekusudia nini?

Basi rudisha. Katika Hesabu 5:7 aliyekosa alirudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kwako hiyo ni laki sita. Sheria ile haikufungi kama ilivyowafunga Waisraeli, ila ni kipimo kizuri, kwani fedha zile zilikosekana kikundini muda wote huu. Zakayo alijitoza mara nne, lakini yeye alikuwa tajiri. Wewe lipa elfu hamsini kila mwezi, utamaliza kwa mwaka. Anza mwezi huu.

Lazima ujitaje? Kwa kawaida aliyeiba anaweza kurudisha kwa siri, hata kupitia kwa padre, naye hatamtaja kwa yeyote. Lakini pengo lako liko kwenye daftari, na kama kuna mwenzako anayeshukiwa, ukirudisha kimyakimya unamwacha amebeba doa lako. Hapo siri haifai tena. Mwone mwenyekiti, umtajie kiasi, ulichukua lini, na mpango wako wa kulipa. Usianze na "Mungu ameshanisamehe", maana ni kama kuwaambia wasikasirike, na haki ya kukasirika wanayo. Wengine watakataa kukusamehe. Waache, wala kukataa kwao hakutangui maondoleo uliyopewa. Uhazini usiuombe tena.

Halafu usidhani kulipa peke yake kunatosha. Yuda aliyemsaliti Yesu naye alirudisha vipande vyake thelathini vya fedha, vyote, mbele ya makuhani, kisha akaenda peke yake na kujiangamiza. Petro, aliyemkana Yesu mara tatu, hakuwa na cha kurudisha. Alilia, akabaki na wenzake, mpaka Yesu alipomkuta ziwani na kumwuliza mara tatu kama anampenda. Kwa hiyo mwaka huo wa kulipa usijifiche. Ukishapata maondoleo, pokea Komunyo hata kama umelipa mwezi mmoja tu.

Nenda basi ukaungame mara hii kwa aina na idadi, urudi uandike tarehe. Baada ya hapo kosa hilo usilipeleke tena kitubioni. Chagua padre mmoja wa kumwungamia siku zote, maana anayehama kila wiki kutafuta jibu jipya huongeza wasiwasi. Hisia zitakurudia usiku. Fungua 1 Yohana 3:20, palipoandikwa kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, uangalie na ile tarehe. Kama wiki zinapita hulali wala huli, au mawazo ya kujidhuru yakikujia hata mara moja, nenda hospitali, na unipigie saa yoyote. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, huvaa sura ya dhamiri, na dawa yake haiko kitubioni.

Ukishaonana na mwenyekiti, nijulishe.

Mama yako